Soli Imekwisha, Ingia

Tangu Jumapili nimekuwa nikikunja mashuka upya kichwani mwangu. Tulikuwa chumbani kwa Mama, mimi nimeshika ncha mbili na Dada ameshika ncha mbili, tunasogeleana na kuachana kama tulivyozoea tangu utotoni, na mazungumzo yalikuwa juu ya ile tamthilia ya fundi viatu, ambayo wanaonisoma kwa muda mrefu wanajua kwamba siwezi kumaliza miezi mitatu bila kuitaja. Nilikuwa nalisifu onyesho la mwisho, kwa mara ya mia sasa. Dada akanikabidhi ncha zake, akainama kuchukua shuka jingine, akasema bila hata kunitazama: "Lakini yule mzee hakufungua mlango, mdogo wangu."

Nilicheka. Nikamwambia kwamba amesahau, kwamba mzee alifungua, akavitazama viatu vya mwanawe kabla ya kumtazama usoni, kisha akasema, "Soli imekwisha. Ingia."

"Hayo maneno ni yangu," akasema Dada. "Wewe ulikuwa umeshalala. Asubuhi uliniuliza imeishaje, nikakusimulia."

Hapo Mama akaita, akitaka apakwe dawa ya jicho, na habari ikaishia hapo. Wiki hii Mama amefunguliwa bandeji na anaona vizuri, ofisi yetu imehamia ghorofa ya chini baada ya mvutano ule nilioueleza, na Juma amekubaliwa ile nafasi aliyoihangaikia mwaka mzima. Yote hayo yamepita, nikashukuru, kisha nikarudi kwenye shuka. Hayo maneno ni yangu. Alilisema kwa sauti ileile ambayo mtu angeitumia kudai kalamu yake.

Kwa wageni, nieleze kwa kifupi. Ilikuwa tamthilia ya sehemu sita, juu ya fundi viatu mzee ambaye mwanawe wa pekee anaondoka baada ya ugomvi usiotajwa chanzo chake. Kila jioni mzee anakivuta kigoda chake hadi karibu na mlango na kufanya kazi hapo. Ninachokikumbuka kuliko vyote ni misumari: alikuwa akiibana midomoni anaposhona na kugonga, hivyo kila alipotaka kusema jambo zito ilimlazimu kwanza kuitema kiganjani, mmoja baada ya mwingine, nasi tukiwa tumekaa sakafuni tunaihesabu kwa hofu. Sijaona tena mwigizaji aliyeweza kuufanya ukimya uwe na idadi.

Mtu mwingine angeitafuta sehemu ya sita, akaitazama, na ubishi ukaisha. Mimi siwezi. Mwaka jana niliandika jinsi kituo kilichoirusha kilivyonijibu, kwa adabu na kwa kuchelewa, kwamba katika hifadhi yao zimebaki sehemu ya kwanza, ya pili na ya nne tu, na kwamba kanda za nyingine zilirekodiwa vitu vingine juu yake. Nilikasirika wakati ule kana kwamba walifuta makusudi kitu changu. Baadaye nilisoma zaidi na hasira ikapungua kidogo. Kanda za video, tangu zilipoanza kutumika katika utangazaji mwaka 1956, zilikuwa ghali, na sifa iliyozifanya zipendwe ni hiyohiyo kwamba ukishatumia unafuta na kutumia tena. Hakuna aliyefikiri kwamba kipindi cha jana kingehitajika kesho. Hata BBC walifuta mamia ya saa za kazi zao, na vipindi 9 vya Doctor Who, tamthilia yao, vya miaka ya 1960 vilivyodhaniwa kupotea kabisa vilikuja kutangazwa mwaka 2013 kuwa vimepatikana katika mji wa Jos, nchini Nigeria, kwa sababu tu nakala za filamu zilizopelekwa kurushwa nje hazikurudi wala hazikuteketezwa. Habari hiyo imenilisha matumaini kwa miaka. Nimekuwa nikiamini kwamba mahali fulani, katika stoo ya mtu asiyejua alichonacho, sehemu yangu ya sita imekaa inangoja.

Hata ikipatikana, kazi itakuwa haijaisha. Gundi inayoshikilia unga wa sumaku kwenye kanda nyingi za miaka ile hufyonza unyevu na kuwa ya kunata, kiasi kwamba ukiiweka kanda kwenye deki inakwama na kuchunika, na mafundi hulazimika kuioka kwa saa nyingi kwenye joto la nyuzi 50 na kitu ili ikubali kuchezwa mara moja au mbili, wainakili upesi. Nazo deki zenyewe zinakwisha. Nilikuwa najua yote haya na nilikuwa tayari kwa yote. Sikuwa tayari kwa uwezekano kwamba nilichokuwa nakitafuta hakijawahi kurekodiwa.

Jumatatu usiku nilikosa usingizi, nikaanza kupekua. Kama mlango haukufunguliwa, ni kipi kingine nilichosimuliwa? Niliona nini kwa macho yangu? Nilimwandikia Dada ujumbe saa sita na robo, saa ambayo mtu mzima hapaswi kumwandikia mwenzake kuhusu televisheni: "Na misumari?"

Akajibu: "Misumari ilikuwapo." Kisha: "Kwani umenuna?"

Ndiyo, nilikuwa nimenuna. Nilihisi kama mtu aliyevaa saa ya urithi maisha yake yote, halafu anaambiwa kwamba ilinunuliwa juzi. Lililoniuma zaidi ni lile la Kaka. Mnakumbuka aliporudi baada ya ile miaka miwili ya kutozungumza nasi, nami ndiye niliyekwenda kumfungulia. Sikuwa nimeandaa neno. Nikavitazama viatu vyake na midomo ikajisemea yenyewe: "Soli imekwisha. Ingia." Kaka akacheka, halafu akalia, akaingia. Kwa miaka yote nimedhani kwamba usiku ule niliazima maneno ya mwandishi fulani stadi ambaye jina lake lilipita haraka mno kwenye kioo. Na Dada alikuwa amesimama nyuma yangu, ameshika taa, hakusema kitu.

Nadhani ilikuwa Jumatano, nikiwa kwenye foleni, nilipolitazama jambo hili kutoka upande wake kwa mara ya kwanza. Nilikuwa na miaka minane. Yeye alikuwa na kumi na miwili. Mimi nililala. Yeye alibaki macho, peke yake sebuleni, akaona kigoda kitupu, akasikia mwana anabisha, anabisha tena, kisha majina yakaanza kupanda. Ndivyo ilivyoisha, aliniambia jana nilipompigia. Mzee hakuonekana. Hawakusema kama alikuwa amekufa au alikuwa ndani anasikiliza.

"Nawe ukafanyaje?" nikamuuliza.

"Nikazima televisheni. Nikalala."

"Na asubuhi?"

"Asubuhi nilikuwa nakufunga kamba za viatu, ukauliza. Nikaona soli yako imeachia mbele. Basi."

Basi! Nilicheka hadi wenzangu ofisini wakainua vichwa. Nimeandika barua kwa kituo, nimeulizia kwa watu wanaokusanya kanda kuukuu, nimepekua orodha za vipindi usiku kucha, na muda wote mwandishi wa onyesho lile alikuwa mtu ninayekunja naye mashuka. Nilimwuliza kwa nini hakuniambia usiku ule wa Kaka. Akanyamaza kidogo, akasema kwamba nilikuwa nayasema vizuri kuliko yeye, na kwamba mlango ulikuwa wazi, baridi ilikuwa inaingia.

Bado ninaitaka sehemu ya sita. Nimeshaiandikia hifadhi tena leo asubuhi, ila safari hii nimeomba pia nakala ya muswada, kwa kuwa karatasi huponea pale kanda inapofutwa. Nataka nimwone yule mwana anavyobisha. Dada amesema hatakuja kutazama, mara moja ilimtosha.

Sasa ni usiku, na nilikuwa nimekusudia kuandika zaidi juu ya mwigizaji yule, lakini mvua imeanza. Lile doa la maji kwenye dari ya chumba cha mtoto, ambalo wiki iliyopita nililizungushia mstari wa penseli nikijiambia kwamba limekauka, nimetoka kulimulika kwa tochi sasa hivi. Limeuvuka mstari kwa upana wa vidole viwili, upande wa juu ya kitanda.