Bloku ya Land Rover ya zamani: ipime kwanza, pistoni baadaye

Ukifuatilia Land Rover Series III zinazofufuliwa hapa Mwanza, nyingi huanzia dukani: pistoni, ringi, beringi na seti ya gasketi vinanunuliwa, ndipo injini inafunguliwa. Huko ni kuanza kinyumenyume. Saizi ya pistoni inaamuliwa na bloku, yaani mwili wa injini wenye silinda, na bloku yenyewe huenda haifai kabisa. Hela ya kwanza iende kwenye kuiosha na kuipima.

Nazungumzia injini ya petroli ya lita 2.25, silinda nne zenye kipenyo cha milimita 90.47. Kabla ya 1980 krenki yake, shafti inayozungushwa na pistoni, ilikaa kwenye beringi kuu tatu, baadaye zikawa tano. Krenki za aina hizo mbili haziingiliani, kwa hiyo kabla ya kulipia bloku ya mtumba ipindue uhesabu mahali pa beringi.

Kwetu kinachoua bloku hasa ni maji. Huku hakuna baridi ya kugandisha, basi dereva haoni sababu ya kulanti, dawa inayochanganywa na maji ya kupoozea injini, na rejeta inajazwa maji matupu, ya bomba au ya ziwani. Lakini kulanti ina dawa ya kuzuia kutu pia, na hiyo ndiyo tunayoihitaji. Gari likinyweshwa maji ya ziwa kwa miaka, kutu huchanganyika na matope na kutulia chini kwenye njia za maji, zaidi nyuma, kuizunguka silinda ya nne. Silinda hiyo inakosa kupoozwa, inachemka peke yake, na geji ya joto haionyeshi kitu.

Kwa hiyo ng'oa vile vizibo vya chuma vya mviringo vilivyo ubavuni. Gonga ukingo mmoja, kizibo kikigeuka kivute kwa koleo. Usivirudishe, vipya ni bei ndogo. Ingiza waya mgumu, kwangua mpaka usikie chuma kikigusana na chuma, kisha mulika kwa tochi. Ukiona mashimo ya kutu kwenye ukuta wa nje wa silinda, kuwa makini: ukuta huo ukichongwa kwa ndani unaweza kutoboka.

Bloku zinazoletwa kutoka Uingereza zina ugonjwa mwingine. Gari likiachwa na maji matupu wakati wa baridi kali, maji yanaganda, yanatanuka na kupasua ubavu. Ufa huo mara nyingi ni wa mlalo, na rangi mpya inaweza kuuficha usiuone. Bloku ya mtumba iliyopakwa rangi inayong'aa, mwombe muuzaji akuruhusu ukwangue kwanza. Akikataa, ondoka.

Kutafuta ufa hakuhitaji mashine. Safisha sehemu kwa petroli na brashi ya waya, pakaa mafuta ya taa, subiri kama nusu saa, futa pakauke kabisa, halafu nyunyiza unga wa chaki. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yatapanda na kuchora mstari mweusi kwenye chaki. Fanya hivyo ubavuni, katikati ya silinda na silinda, na kuzunguka matundu ya bolti za hedi, kifuniko cha juu cha injini.

Ukitaka uhakika zaidi, funga bamba nene la chuma lenye mpira juu ya bloku, ziba matundu yote ya maji, kisha tumia kompresa ya fundi pancha kuingiza hewa, psi 30 zinatosha. Paka povu la sabuni. Penye ufa patatoa mapovu.

Sasa silinda. Pistoni hula ukuta zaidi pale juu ringi zinapoishia, kwa sababu ndipo penye joto kali na oili kidogo. Pitisha ukucha: ukikwama kwenye ngazi ya juu, silinda imelika. Pima kwa geji ya ndani sehemu tatu, chini kidogo ya ngazi hiyo, katikati na chini, na kila sehemu mara mbili, kufuata urefu wa krenki na kuikata. Pistoni husukuma ukuta wa pembeni, ndiyo maana silinda hugeuka umbo la yai. Ukipata 90.62 juu na 90.50 chini, ringi mpya hazitasaidia. Injini itaendelea kula oili na kutoa moshi wa bluu.

Silinda mbovu kuliko zote ndiyo inayoamua saizi, na nne zote zinachongwa sawa, yaani kupanuliwa ziingie pistoni kubwa zaidi. Upanuzi wa tweni ni inchi 0.020, karibu nusu milimita. Foti ni 0.040, karibu milimita moja. Ikishapita foti, weka slivu, bomba jipya la chuma ndani ya silinda.

Kepu za beringi kuu, vipande vinavyoibana krenki kwa chini, zilichongwa pamoja na bloku yake. Bloku isiyo na kepu zake usiinunue hata kwa nusu bei, maana za gari jingine hazitalingana mpaka njia nzima ya krenki ichongwe upya. Tazama ndani ya kepu: mikwaruzo inayong'aa na rangi ya bluu ni alama kwamba beringi iliwahi kuzunguka humo.

Uso wa juu uwekee rula ya chuma iliyonyooka, kwa urefu na kwa mshazari. Fila geji (kibati chembamba cha kupimia mwanya) ya milimita 0.10 ikipita chini yake, uso upelekwe mashine.

Matundu ya bolti yasafishe kwa tepu, kile chombo cha kukatia nyuzi za bolti, na hewa. Tundu lisilotokea upande wa pili likibaki na maji au oili, bolti ikikazwa kimiminika hakina pa kwenda na bloku inapasuka. Ufa huo hutengenezwa na fundi mwenyewe.

Bloku ikitoka kuchongwa, ioshe kwa maji ya moto na sabuni, si petroli peke yake, kwa sababu petroli haiondoi unga wa jiwe la kusugulia. Ng'oa na vizibo vya njia za oili, pitisha brashi nyembamba humo. Sugua silinda mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe, kausha kwa hewa, na hapo hapo paka oili. Kwa unyevu wa huku ziwani, chuma kilichochongwa leo hakichelewi kushika kutu.