Usiitupe draivu ya DVD bado

Kompyuta nyingi zinazouzwa siku hizi hazina draivu ya diski, na wengi wanaona sawa tu. Mimi yangu siitoi. Hapa Tanga karibu kila nyumba ina diski za harusi, maulidi na mahafali zilizochomwa miaka ya 2000. Deki zimeshakufa, aliyepiga video alishafuta zake zamani, na nakala ni hiyo hiyo moja iliyoko kabatini.

Shangazi aliniletea ya harusi ya binti yake. "Mwanangu, hebu nitazamie kama bado imo."

Kabla ya kuiingiza, niliielekeza dirishani nikaigeuza taratibu. Kwenye diski ya kuchoma utaona duara mbili za rangi tofauti kidogo: ya ndani ndiyo iliyoandikwa, ya nje ni tupu. Hii ilikuwa imeandikwa mpaka karibu na ukingo. Maandishi hayo ni madoa kwenye rangi maalumu iliyounguzwa na leza, na rangi hiyo hufifia kwa jua na joto. Ndiyo maana diski iliyokaa juu ya televisheni kando ya dirisha huharibika hata kama haina mkwaruzo.

Kufuta vumbi, tumia kitambaa laini cha pamba, toka katikati moja kwa moja hadi ukingoni. Usizungushe! Data imepangwa kwa mzunguko, kwa hiyo mkwaruzo unaofuata mzunguko hula kipande kirefu mfululizo, na draivu haiwezi kukifidia. Mkwaruzo unaokatiza, draivu huuvumilia zaidi. Na kwenye CD, uso wa juu ndio wa kuogopa, kwa sababu data iko chini tu ya ile rangi ya lebo. Ukibandua stika, unaweza kuondoka na data. DVD ina nafuu, data yake imekaa katikati ya plastiki mbili za milimita 0.6.

Draivu ikaunguruma, ikapunguza kasi, ikapanda tena. Ikifanya hivyo iache. Leza inatafuta pa kushika. Folda ya VIDEO_TS, ambamo DVD huweka video yake, ikafunguka, nikainakili yote kwenye diski kuu ya kompyuta badala ya kuichezesha, maana diski dhaifu haifai kuchoshwa kwa kutazamwa. Ikigoma katikati, kwenye Linux iko programu ya ddrescue: inaruka sehemu mbovu, inachukua nzima kwanza, halafu inarudi kujaribu zilizobaki.

Wenye laptopu watumie draivu ya nje ya USB. Ikilia tik-tik bila kuzunguka, mara nyingi ni umeme mdogo. Ichomeke kwenye kompyuta yenyewe, siyo kwenye kigawanyio cha USB. Trei ikikwama, zima kompyuta, nyoosha kibanio cha karatasi, kisukume kwenye kile kitundu kidogo cha mbele.

Harusi ilitoka karibu yote. Iliyogoma ni sehemu ya mwisho, na si ajabu: diski husomwa kuanzia katikati kwenda nje, na ukingoni ndiko vidole hushika kila siku. Nikaipeleka kwa jirani mwenye draivu nzee ya kampuni nyingine, kwani leza hazilingani macho. Ile ikasoma. Shangazi sasa ana flashi yake, nami nina nakala ya pili, na zote nilizitazama kwa VLC mpaka mwisho kabla ya kumrudishia diski.