Kupuliza rangi vitasa bila kuchafua mlango

Ndugu zangu wa Dodoma, msipulize rangi kitasa kikiwa bado mlangoni. Fungua skrubu, kitoe, ziba tundu la ufunguo kwa tepu ya karatasi. Sugua kwa msasa namba 400, futa kwa thina. Mafuta ya vidole yakibaki, rangi inabanduka. Kining'inize kwa waya ndani ya boksi lililolazwa ubavu, asubuhi na mapema, maana upepo wetu ukishaanza vumbi linanata kwenye rangi mbichi na hakuna dawa ila kusugua upya.

Tikisa kopo la rangi ya kupuliza dakika nzima, gololi ya ndani ikilia. Puliza kutoka sentimita 25: karibu zaidi inachuruzika, mbali mno inakauka hewani na kuwa chengachenga kama mchanga. Piga mikono (matabaka) 3 myepesi, ukingoja dakika 10 kati ya mmoja na mwingine.