Mistari miwili kabla ya saa 2 usiku: siku moja ya mwalimu wa kemia Tanga

Saa 10:50 alfajiri. Simu imetetemeka kabla ya adhana. Ni katibu wa grupu letu, sisi tuliomaliza DUCE, chuo kishiriki cha elimu pale Chang'ombe, mwaka 2015. "Ndugu wahitimu, leo ndiyo mwisho. Kila mtu mistari miwili: uko wapi, cheo gani, mafanikio gani. Nafunga saa 2 usiku. Zingatieni." Katibu alisoma Kiswahili na Historia, siku hizi ni afisa elimu kata mikoa ya kusini, na tangu apate muhuri hata salamu anaziandika kama waraka. Anataka orodha ya kijitabu cha miaka yetu kumi tangu kuhitimu. Kimechelewa, lakini ndivyo tulivyo.

Saa 12:05. Chai ya rangi, muhogo wa jana uliopashwa. Nimeisoma orodha nikiwa nimesimama. Wakuu wa shule wawili, mdhibiti ubora mmoja, diwani mmoja, mmoja yuko kwenye uzamivu, mmoja meneja wa tawi la benki. Mmoja, yuko Handeni, kajiandika "Mkurugenzi". Huyo namjua, anauza saruji na nondo. Waliobaki na chaki wamenyamaza. Na mimi nimenyamaza.

Natoa baiskeli. Uzuri wa Tanga ni utambarare, kutoka Mabawa hadi shuleni sijawahi kushuka nikakokota, labda siku ya pancha.

Saa 1:15. Mstarini. Mwalimu wa zamu anahangaika na soksi za watu. Napita.

Saa 2:00. Vipindi viwili mfululizo, kidato cha nne, taitresheni, yaani kudondosha asidi kwenye besi mpaka zimalizane na kupima imetumika kiasi gani. Hapa ndipo siku yangu ilipo, mtanivumilia.

Wanafunzi ni 61, bureti nzima, ile mirija mirefu ya kioo yenye vipimo na koki chini, ni nne. Ya tano ilivunjika mdomo mwezi wa tatu. Ukigawa kwa makundi, wanagusa wanne, wengine wanatazama kama wako sinema, halafu Novemba kila mmoja anawekewa yake kwenye mtihani na mikono inamtetemeka. Kwa hiyo nilikwenda duka la dawa Ngamiani nikanunua mabomba ya sindano ya mililita 20, bila sindano zake. Muuzaji aliniangalia sana. Kiashiria cha dukani, kile kinachobadili rangi kuonyesha asidi au besi, nakibana kwa ajili ya mtihani, kwa mazoezi tunachemsha rozela. Ile ile ya juisi. Ukiitia kwenye asidi inakuwa nyekundu, kwenye besi inageuka kijani.

Wanaanza na bomba mpaka mkono utulie, kisha wanakuja kwenye bureti kwa zamu. Bomba linasoma mililita moja moja, bureti inasoma mpaka sehemu ya kumi ya mililita, na tofauti hiyo huwezi kuihubiri, lazima waione. Leo kuna binti wa dawati la nyuma, si msemaji, amefungua koki, asidi ikaenda ikienda, kijani kikaanza kufifia, akafunga. Tone moja likabaki linaning'inia mdomoni mwa bureti. Akaliangalia, akaniangalia. Sikusema kitu. Akaligusisha kwenye ukuta wa chupa, akatikisa, maji yakawa rangi ya waridi na yakabaki hivyo. Hilo la kuligusisha sikuwafundisha darasa hili. Kalifikiria mwenyewe.

Saa 4:30. Chai ya walimu, vitumbua viwili. Tuna kijana wa mazoezi ya kufundisha kutoka chuo kile kile nilichosoma. Kaniuliza kwa adabu zote, "Kaka, samahani, mtu akitoka pale mwisho wake huwa wapi?" Nimemweleza. Serikali ilipoanza MMES, mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari, 2004, shule za kata ziliota kila mahali na walimu hawakuwepo. 2005 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikapata vyuo vishiriki viwili vya elimu, chetu na Mkwawa kule Iringa. Kwa hiyo mwisho wake, kwa mpango wa waliokianzisha, ni hapa ulipokaa na kitumbua. Akacheka, ila nadhani alitaka kusikia benki. Simlaumu. Nikamkumbusha na asilimia 15 ya Bodi ya Mikopo kwenye kila mshahara, asije akashtuka.

Saa 6 mpaka saa 8. Kidato cha pili, kusahihisha, kikao kifupi kilichokuwa kirefu.

Saa 9:20. "Mkurugenzi" wa Handeni anapiga. Nikajua ananipigia kujisifu, kumbe kanitumia picha ya daftari la binti wa dada yake anayeishi naye. Swali la moli, kipimo chetu cha kemia cha kuhesabia kiasi cha kitu. "Ticha, huyu kapata 0.25, mimi napata 0.5, nani kakosea?" Nikalitazama chini ya mwembe. Kakosea mtoto, kasahau kwamba asidi ya salfyuriki moja inakula sodiamu haidroksaidi mbili. Mjomba yuko sahihi. Darasani kwetu alikuwa ananishinda kemia, tena kwa mbali. Tulipomaliza, 2016 ajira zikasimama kupisha uhakiki wa watumishi hewa, na 2017 walipoanza kuchukua walimu wa sayansi na hisabati yeye alishafungua duka. Hakutuma maombi. "Niache na nondo zangu," akasema leo, halafu akauliza kama kuna maswali mengine ya moli nimtumie. Nimemtumia kurasa sita.

Saa 1:40 usiku. Rozela ya kesho iko jikoni, mke wangu ameshaonywa asiitie sukari. Nimeandika, nimefuta, nimeandika. Saa 1:58 nikatuma:

"Mwalimu wa kemia, Tanga. Bureti nne, wanafunzi 61, wote wameshika."

Katibu akajibu saa 2:03. "Nimepokea. Bureti ni cheo cha TAMISEMI au cha Tume ya Utumishi wa Walimu?"