Nani aliyafunga yale magunia?

Binti yangu mdogo karudi shule na swali. Wamesomeshwa habari za Sultana, ile merikebu ya Seyyid Said, sultani wa Omani na Unguja, iliyoingia New York tarehe 30 Aprili 1840 na mjumbe wake Ahmad bin Naaman. Mwalimu kawaandikia shehena ubaoni: magunia 1,300 ya tende, mazulia ya Kiajemi, buni ya Mokha, kisha vilivyopakiwa Unguja, yaani pembe za ndovu, karafuu, sandarusi na ngozi. Wenzake wamekariri, wamemaliza. Yeye kanifuata jikoni nakata vitunguu.

“Baba, hayo magunia 1,300 nani aliyafunga?”

“Watu.”

“Watu gani?”

Angeniuliza yalifungwaje, ningemjibu mpaka usiku wa manane. Maana Julai ya 1981, kule Bidiya, Omani, ami alinifumulisha gunia nililolishona kwa mkono wangu.

Tende za ami hazikuwa hizi laini za futari. Zilikuwa za kuchemsha. Mtende wake ni mabsali, na makole yake hukatwa mwisho wa Juni au Julai, tunda likiwa bado busri: manjano, gumu, lenye ukakasi wa kukunja ulimi. Ukingoja liive liwe rutabu, umechelewa. Mkwezi hukata kole zima akaliteremsha kwa kamba. Likiangushwa, busri hupasuka, na lililopasuka likiingia kwenye maji ya moto hutoa utamu wake wote, likabaki ganda na kokwa.

Masufuria ni ya shaba, mapana kiasi cha mtoto kujificha ndani, yamekaa juu ya meko ya mawe na udongo. Wenyewe huyaita mirjali. Kuni ni mtende huo huo: vigogo vilivyokufa, makuti, makarara. Busri hutiwa maji yakishatokota, si kabla, na hukaa dakika 15 hadi 20, kwa kadiri ya ukubwa wa tunda na nguvu ya moto. Kuna kazi mbili zinazofanyika humo. Ukakasi unavunjika, na kile kimeng'enya cha ndani ya tunda, ambacho kingeendelea kuibadili sukari na kulilainisha, kinakufa kwa moto. Kikishakufa, tende hukauka ikawa ngumu kama ubao na hukaa mwaka bila kuharibika. Ukiipua mapema, katikati hubaki ukakasi, na mnunuzi huugundua kwa jino moja. Ukichelewa, ganda linachanika.

Maji hayamwagwi. Kila mpiko huacha utamu kidogo, mtu huongeza maji akaendelea, na tende za mpiko wa tatu au wa nne hung'aa kuliko za kwanza. Ila hapo pana mpaka. Maji yakishakuwa meusi na mazito, ubahili unageuka hasara: tende zinatoka zimefifia na zinanata, na tende inayonata huzoa mchanga wote wa Bidiya. Na mchanga Bidiya haukopwi.

Zikiopolewa huanikwa kwenye uwanja wa jua, mistahi, safu moja, zisipandane. Hugeuzwa asubuhi na jioni. Siku tano jua likiwa kali, saba mpaka kumi hewa ikiwa nzito. Kilo 100 za busri hukurudishia karibu nusu yake.

Hewa nzito ndiyo iliyoniumbua. Bidiya iko ukingoni mwa jangwa la mchanga, na mgeni hudhani pale hapajui unyevu. Lakini msimu wa kusi, upepo wa baharini hupenya usiku, na ukiamka alfajiri unakuta mchanga umekoza rangi kama uliomwagiwa maji. Basi upande wa magharibi wa uwanja, karibu na ukuta, kulikuwa na mitende mitatu iliyotupa kivuli tangu alasiri. Tende za pale zilihitaji siku mbili zaidi ya nyingine. Kila mtu alilijua hilo isipokuwa mimi, au tuseme nililijua nikalisahau kwa sababu gari lilitarajiwa kesho yake na gunia la mwisho halijajaa.

Kazi yangu ilikuwa shazia, ile sindano kubwa ya magunia, na kibunda cha ugwe wa katani. Gunia hujazwa robo, hutikiswa mpaka tende zikae, hujazwa tena, hutikiswa tena. Juu huachwa nafasi ya viganja viwili. Pembe mbili hufungwa ziwe masikio ya kushikia, na baina yake hupita mishono 12, si mirefu ya kupitisha kidole. Kabla ya kumruhusu mtu kujaza, ami alichota konzi akaitikisa karibu na sikio. Zikilia kama kete za bao, jaza. Zikinyamaza, zirudi juani. Siku ile ami alikuwa msibani Mudhairib. Nikafagia zile za ukutani, nikajaza, nikashona. Mishono 12, mizuri kweli.

Gari halikuja kesho yake. Wala keshokutwa.

Siku ya nne ami aliingia ghalani kabla ya adhuhuri. Magunia 40 yamepangwa matano matano juu ya magogo ili hewa ipite chini. Hakuangalia kitu. Alipita akichomeka mkono baina ya gunia na gunia, kama mtu anayepapasa mashavu ya watoto waliolala, mmoja baada ya mwingine. Kwenye safu ya sita akasimama. Akautoa mkono, akaurudisha.

“Njoo uweke mkono wako hapa.”

Nikauweka. Gunia la kushoto lilikuwa na joto la ghala, la kulia vile vile. La katikati lilikuwa na joto la kwake lenyewe, lile la paji la uso la mtoto mwenye homa, la kuja na kupanda kutoka ndani.

“La nani hili?”

Hakukuwa na haja ya kuuliza. Mshonaji alikuwa mmoja.

Nikachukua kisu. Akakizuia. “Usikate. Fumua.”

Mishono 12 kufumua kwa ncha ya shazia ni kazi ndefu kuliko kuishona, hasa mtu mzima akiwa amesimama nyuma yako hasemi neno. Wa tatu ulikuwa umebanwa na ugwe, ukanitoa damu chini ya ukucha. Ulipofika wa saba, mdomo wa gunia ulianza kupumua. Kwanza siki. Kisha chini ya siki kitu kitamu, kama unga wa maandazi uliolala usiku kucha karibu na jiko. Juu tende zilikuwa nzima kabisa, zinalia. Nikapata matumaini. Ami akaniambia ingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Chini zilikuwa zimeshikana bonge moja, vidole vilizama, na bonge nililolivuta lilikuwa na manyoya meupe pale tunda liliposhika kikonyo.

“Hili lingefunguliwa wapi?” akaniuliza.

“Mutrah?”

“Bombay. Mbele ya mtu asiyetujua. Asingeuliza gunia hili kalishona nani, angeuliza mzigo huu ni wa nani.”

Tulifungua na jirani zake wanne, maana unyevu haujui mipaka ya gunia, tukazianika upya. Bonge wakapewa ng'ombe. Na huko juani, tukizigeuza, ndipo ami aliponisimulia kwamba baba yake alipeleka tende kwa wanunuzi wa Wamarekani. Si hizi za kuchemsha, fardhi. Hapo nilidhani ananichekesha, Mmarekani na tende wapi na wapi.

Lakini ilikuwa kweli, na mengi nimeyasoma baadaye. Fardhi ni tende nyeusi, ya ganda kavu kidogo, inayostahimili safari, na Wamarekani waliipenda kwa hilo. Kuna kampuni ya W.J. Towell, iliyoanzishwa 1866, ambayo tende zilikuwa katika biashara yake kubwa hapa Maskati. Fardhi hufungwa kinyume cha mabsali. Hizo hushindiliwa kwa mguu ndani ya kanda la ukili, yale makanda ambayo hata pwani ya Uswahilini wazee wanayakumbuka, ili hewa isibaki ndani. Penye hewa ndipo penye fukusi. Ukiingia ngome za zamani za huku, Jabrin kwa mfano, utaona chumba chenye sakafu ya mifereji. Makanda yalipangwa humo moja juu ya jingine, uzito wenyewe ukakamua asali ikateremka mfereji kwa mfereji mpaka mtungini. Kanda lililokwisha kuvuja ndilo la kusafiri. Lisilovuja bado lingevujia baharini, juu ya mzigo wa mwenzio.

Basra wao walikwenda kwenye masanduku. Kampuni ya Hills Brothers ya New York ilinunua huko halawi, khadrawi na sayer. Kila msimu maelfu ya watu, wanaume, wanawake na watoto, walihamia kando ya mto Shatt al-Arab kuzipanga safu kwa safu ndani ya sanduku la mbao la ratili 70 hivi. Haraka yake haikuwa ya mchezo. Tende huiva Agosti na Septemba, na lazima ziwe New York kabla ya sikukuu ya shukrani, Novemba, la sivyo bei inaporomoka. Meli zikawa zinashindana kabisa, ya kwanza kufika ndiyo yenye soko. Zamani muuza duka kule alikuwa akichonga bonge la tende kutoka sandukuni akampimia mteja. Hills wakaja na pakiti ndogo ya karatasi, imefungwa, ina jina la ngamia, Dromedary. Jambo dogo, lakini kwa pakiti hiyo mteja akawa anajua jina la kampuni. Jina la mfungaji lilibaki Basra.

Mwaka 1912 Mmarekani Paul Popenoe alipita Maskati na Basra kununua machipukizi ya mitende ya kwenda California. Mitende ile ikakua. Ilipoanza kuzaa ya kutosha, fardhi haikuwa na wa kuitaka tena ng'ambo, na babu akarudi kwenye mabsali, ambayo Wahindi hawakuacha kuinunua kwa harusi zao.

Hayo yote nilimwambia binti yangu, vitunguu vimeshaungua. Alinisikiliza vizuri, kisha akarudi pale pale. “Sawa, lakini ya Sultana?”

Nikamwambia kwamba karne ile mashamba mengi ya mitende, hasa pwani ya Batina, yalilimwa na watumwa kutoka Afrika Mashariki. Watu wa pwani zetu zile zile. Walikwea, walishusha makole, walishindilia makanda. Nikamwambia pia kwamba babu wa babu yake alikuwa na shamba, na kwamba katika shamba lile hakulima peke yake. Hilo la pili sikuwahi kumwambia mtu wa umri wake, na ami hakuwahi kuniambia mimi. Nililijua kwa kuwasikia wazee wakinyamaza kila lilipokaribia.

Akafikiri. “Kwa hiyo waliofunga walikuwa wamefungwa?”

Nikamwambia kufunga mzigo na kufungwa mtu ni mambo mawili. Nikaanza kumfundisha kauli ya kutendwa. Alinitazama kama nilivyomtazama ami aliponizuia kisu.

Shazia ninayo mpaka leo, kwenye droo ya betri na funguo zisizo na kufuli. Aliiomba akawaonyeshe darasani, nikampa. Imerudi mchana wa leo ndani ya bahasha, na kijikaratasi cha mwalimu: tafadhali wazazi wasiwape watoto vitu vyenye ncha.