Saba Saba ya Kitonga

Saba Saba ya 2017, sikukuu ya tarehe 7 Julai, iliangukia Ijumaa, na ndiyo sababu tuliichagua kwa mkusanyiko wetu wa waendesha pikipiki mjini Iringa. Mtu wa Dar es Salaam huwezi kumwambia apande pikipiki hadi Iringa, kilomita zinazokaribia 500, halafu kesho yake awe kazini. Ijumaa wafunge virago, Jumamosi wafike, Jumapili asubuhi waone mji, mchana warudi. Kwenye karatasi lilikuwa jambo jepesi kabisa.

Mimi nilikuwa katibu wa kamati. Nilipewa cheo hicho kwa sababu nilikuwa na duka la spea pale Miyomboni, mjini Iringa, kila mwenye pikipiki mkoani alinijua, na nina mwandiko unaosomeka. Kamati yenyewe ilikuwa ya watu saba, na kati yao watano walikuwa na pikipiki kubwa: zile zenye masanduku ya bati pembeni, vioo viwili vizima na mlio unaosikika tangu Ipogolo. Mimi nilikuwa na Yamaha DT 175 ya marehemu baba. Baba alikuwa bwana shamba. Mradi aliokuwa akifanyia kazi ulipofungwa, pikipiki zake zikauzwa, naye akanunua ileile aliyoizoea. Ilikuwa inakula oili na kutoa moshi wa buluu kama jiko la kuni mbichi, lakini ilikuwa haijawahi kuniacha njiani.

Kazi ya kwanza ilikuwa barua ya polisi. Sheria inataka taarifa ya maandishi saa 48 kabla, sisi tukaipeleka wiki tatu kabla ili tuonekane watu wa maana. Mwaka mmoja ulikuwa umepita tangu mikutano ya hadhara ya kisiasa izuiwe nchini, kwa hiyo kila kusanyiko lilikuwa linatazamwa mara mbili. Afisa aliyenipokea aliisoma barua mpaka chini, akarudi juu, akaweka kidole kwenye neno moja. "Hapa umeandika mtapita mjini kwa maandamano." Nikamwambia nilimaanisha tutaandamana, yaani tutafuatana. Akanisukumia karatasi taratibu. "Kijana, nenda kaandike msafara." Nilikwenda, nikaandika msafara mara sita katika ukurasa mmoja, na kibali kikatoka.

Kazi ya pili ilikuwa masharti, na hapo ndipo nilipoharibu.

Kikaoni mtu mmoja alisema tusipoangalia, bodaboda wote wa mkoa watajaa uwanjani, pilau iishe kabla mgeni rasmi hajashuka kwenye gari. Wakacheka, mimi pia nikacheka. Likatolewa wazo la kuweka kima cha chini cha injini, cc 200. Hakuna aliyetamka neno bodaboda kwenye muhtasari; ni mimi niliyeuandika, najua. Boxer kubwa ni cc 150, TVS hazifiki 200, kwa hiyo mstari mmoja ulitosha kuwafungia mlango vijana wote wa vijiweni bila kumtukana mtu. Halafu mwenyekiti akanitazama, akakumbuka. "Katibu wewe usijali, DT yako tunaihesabu kama kifaa cha ofisi." Nikaandika na hilo? Hapana. Hilo sikuliandika.

Baadaye walikuja dukani vijana wanne. Walitoka Ilula, kule kwenye nyanya na vitunguu, kila mmoja na Boxer yake imeoshwa inang'aa. Aliyekuwa msemaji wao alikuwa na Boxer nyekundu na kofia ngumu shingoni. Aliweka kaunta noti tano za elfu kumi, mchango kamili, akasema, "Kaka, tuandikie. Tunataka kuziona zile kubwa." Nikamsomea sharti. Alisikiliza bila kunikatiza. Kisha akageuka, akaitazama DT iliyokuwa imeegemea nguzo ya baraza.

"Na hii ya nani?"

"Yangu."

"Cc ngapi?"

Nashukuru wakati ule aliingia mteja akiuliza plagi. Nilimhudumia mteja yule kwa muda mrefu kuliko mteja yeyote wa plagi katika historia ya duka lile. Nilipogeuka, vijana walikuwa wameondoka na noti zao.

Basi ikafika Jumamosi, tarehe 8. Tulikuwa na majina 71: Mbeya 19, Dodoma 14, Dar na Morogoro pamoja 26, sisi wenyeji 12. Uwanja tuliupata nje ya mji, njia ya Kalenga. Sufuria tatu za pilau zilikuwa jikoni tangu alfajiri. Vyeti 71 nilikuwa nimevipanga kwa alfabeti ndani ya boksi la viatu.

Wa Dodoma walifika kwanza, saa tatu na nusu, kwa barabara ya Mtera. Walikuwa wamesimama pale bwawani kununua samaki, na mmoja alikuwa amewafunga nyuma ya kiti kwa mpira, kwa hiyo harufu ilifika kabla yake. Wa Mbeya wakaingia saa tano. Julai ya nyanda za juu si ya kuchezea, na hao walikuwa wamepita Makambako na Mafinga tangu gizani. Walishuka wakiwa wamekakamaa kama mbao. Mmoja alifungua zipu ya koti, akaanza kuchomoa magazeti kifuani, ukurasa kwa ukurasa, mpaka mama wa jikoni akamwambia, "Kamwene, baba, umekuja na maktaba?" Ndiyo kinga ya wazee wa pikipiki, gazeti huzuia upepo kuliko sweta. Tukawapa chai ya tangawizi.

Wa Dar tuliwategemea saa nane. Saa saba simu ikalia, ikakatika. Ikalia tena, nikasikia upepo na honi, na neno moja tu: Kitonga.

Aliyepita Kitonga hahitaji kuelezwa. Asiyepita, afahamu hivi: ukitoka Ruaha Mbuyuni barabara inaacha bonde la mibuyu na kuanza kupanda mlima, upande mmoja ukuta wa mwamba, upande mwingine korongo, na kona zenyewe zimekunjwa kama utumbo. Ndiyo barabara kuu ya kwenda Mbeya na Zambia, kwa hiyo malori ya shehena yanapanda usiku na mchana, mengine kwa mwendo wa mtu anayetembea. Likilala moja, nchi nzima ya kusini inasubiri. Siku hiyo lilikuwa limelala moja.

Mwenyekiti alikuwa na mgeni rasmi. Wenye pikipiki kubwa walikuwa wameshavua mabuti. Nikapiga teke DT, nikaondoka peke yangu.

Foleni niliikuta kabla hata sijaanza kuteremka. Mabasi yamezimwa, abiria wamekaa kwenye vivuli vya malori, akina mama wanauza mahindi ya kuchoma kana kwamba walijua tangu jana. Nikapenya kandokando, nikateremka kona kwa kona, mpaka nikaliona. Lilikuwa limelala ubavu, limekata barabara, kichwa kinatazama korongoni. Dereva alikuwa mzima, amekaa juu ya jiwe, amefungwa kitambaa mkononi, haongei na mtu. Kati ya bodi la lori na ukuta wa mwamba ilibaki nafasi, pengine upana wa mlango wa chumba. Na katika mlango huo walikuwa wanapita bodaboda wa Ilula, abiria mmoja nyuma, begi mbele, juu na chini, juu na chini. Siku ya mavuno.

Mimi nilipita. Usukani wa DT ulikwaruza jiwe kidogo, nikapita.

Ng'ambo ya pili nikawakuta wageni wangu 26, na masanduku yao ya bati.

Walikuwa wamejaribu. Mmoja alikuwa amenasa katikati ya mlango ule, wakamvuta kwa nyuma watu sita. Wengine walikuwa wamepanda kilima kwa gia ya kwanza nyuma ya malori, wakishikiliashikilia klachi saa nzima, injini zikachemka. Na Africa Twin moja, pikipiki kubwa ya Honda, ya mwanasheria mtu mzima sana kwa heshima zake, ilikuwa imekata waya wa klachi. Wenye matangi madogo walikuwa wamepanga kujaza mafuta Ilula, sasa wanatikisa matangi na kusikiliza. Mtandao wa simu hakuna. Na mwanasheria akaniuliza swali ambalo lilikuwa haki yake: "Katibu, kamati ina mpango gani?"

Kamati ilikuwa na vyeti kwa alfabeti.

Nilikuwa bado natafuta la kujibu nikasikia Boxer ikizimwa nyuma yangu. Nyekundu. Akaondoa kofia ngumu, akanitazama, akaitazama DT, akaangalia ile safu ya mashine kubwa alizotaka kuziona. Alizitazama kwa muda, bila haraka, kama mtu aliyeingia makumbusho.

"Katibu," akasema. "Karibu Kitonga."

Nilitegemea mambo mawili: ama atanicheka, ama atatusaidia kwa wema hadi nione haya. Hakufanya hata moja. Aliuliza kinachohitajika, akahesabu kwa vidole, akataja bei. Ushauri kwanza: masanduku yafunguliwe, kila moja linashikwa na boliti nne, yapite mkononi, pikipiki zipite tupu zikisukumwa. Jambo la wazi kabisa. Watu 26 wazima walikuwa wamekaa chini ya jua na halikuwajia hata mmoja. "Huo ushauri ni elfu kumi," akasema. Petroli italetwa kutoka Ilula kwenye chupa, kila lita shilingi elfu nne. Waya wa klachi atautengeneza.

Alimtuma mwenzake, naye akarudi na chupa zinazogongana ndani ya mfuko wa sandarusi, na waya wa breki ya baiskeli. Nikautambua. Ule ule nauza mimi dukani kwa 1,500. Akauchomeka ndani ya ganda la waya wa zamani, akapima, akakata kwa koleo, na badala ya kile kichwa cha kiwandani akabana mwishoni kinati kidogo chenye skrubu. Akabonyeza klachi ya Africa Twin mara tatu, akatega sikio. "Itafika Iringa. Usiishikilieshikilie, mzee. Ukisimama, toa gia, weka fri." Mwanasheria akaitikia "sawa, mwalimu", na hakuwa anatania.

"Waya bei gani?" nikauliza.

"Elfu ishirini."

"Kaka, huu waya nauza mimi."

"Dukani kwako, ndiyo. Nenda kauchukue."

Tuliwapitisha mmoja mmoja. Kijana mbele akiongoza gurudumu, wawili nyuma wakisukuma, masanduku yakipita mkono kwa mkono juu ya vichwa vya abiria waliokuja kutazama. Mzee mmoja wa basi alikuwa anahesabu kwa sauti kila inayopita, na ilipofika ya ishirini umati mzima ulikuwa unahesabu naye. Ya mwisho ilipita jua likiwa limeshazama nyuma ya mlima.

Nilipotaka kulipa nikakumbuka kwamba fedha ni za kamati, na mhasibu wetu alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, mtu asiyekubali matumizi bila karatasi. Nikaomba risiti. Kijana hakushangaa. Akatoa daftari la hesabu zake za bodaboda kwenye koti, akachana ukurasa, akaandika akiwa ameegemeza kwenye tangi la Boxer, kwa mwangaza wa simu. Sikusoma. Nilimpa 93,000 kama alivyotaja, nikakunja karatasi, nikatia mfukoni. Nikamwambia, kwa sauti ambayo mpaka leo siipendi, kwamba wao pia wanakaribishwa uwanjani, pilau ipo.

"Na abiria nimwachie nani?" akasema. Akavaa kofia ngumu, akateremka na mlango wake.

Tuliingia uwanjani saa tatu usiku. Mwezi ulikuwa mpevu, baridi inauma masikio. Mgeni rasmi alikuwa ameondoka tangu saa kumi, na hotuba yake ameisoma kwa watu 44 na mbwa. Pilau ilikuwa imepoa, ikapashwa, ikaungua chini, ikaliwa yote. Watu wa Dodoma walichoma samaki wao. Nashukuru haukuwa msimu wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, maana usiku ule tungeumaliza wilayani. Kila msafiri wa Kitonga alikuwa anasimulia habari za lango lile, na kila aliposimulia mtu mwingine nafasi ilizidi kuwa nyembamba. Kesho yake tuliwapeleka Kalenga kuona fuvu la Mkwawa, mtemi wa Wahehe, lile lililorejeshwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Wakapiga picha na pikipiki zao nje, wakaondoka. Africa Twin ilikuwa imefungwa waya mpya kutoka dukani kwangu, ingawa mwanasheria aliuomba ule wa baiskeli, akautia mfukoni.

Jumatano tukakaa kikao cha mahesabu. Mhasibu alipokea karatasi moja moja: mchele, kuni, fulana, viti. Akafika kwenye ule ukurasa wa daftari, akaukunjua, akaanza kusoma kwa sauti ileile ya darasani.

"Waya wa klachi, 20,000. Kuufunga, 10,000. Petroli lita 12, 48,000. Ushauri, 10,000." Akanyamaza. Akashusha miwani puani. "Faini, 5,000. Katibu, hii ni faini ya nini?"

Nikamwambia sijui, asome palipobaki.

Akasogeza karatasi dirishani. "Imeandikwa, 'Faini, DT cc 175.'"

Hakuna aliyesema neno. Mwenyekiti alikuwa ghafla amepata kitu cha kutazama kwenye simu. Mhasibu akafanya hesabu kichwani, akachukua kalamu nyekundu, akaikata ile 5,000 kwenye jumla ya kamati na kuihamishia kwenye posho yangu.