Siku ya mshahara katika nyumba ya wawekezaji wawili

Saa 11:30 alfajiri. Leo ni siku ya mshahara, na kabla hatujanyanyuka kitandani benki imekwisha kutumalizia shughuli kubwa ya kifedha ya mwezi: sehemu ya mshahara wangu wa mfamasia na sehemu ya mshahara wa mume wangu, ambaye ni mwalimu wa sekondari, zimehamishiwa kwenye mifuko yetu ya uwekezaji na kununua vipande, yaani sehemu ndogo za umiliki wa mfuko, kwa bei ya siku, iwe juu au chini. Agizo hilo la kudumu tuliliweka kabla hatujapata watoto, tukataka litekelezwe siku ileile mshahara unapoingia, kwa kuwa fedha inayosubiri mwisho wa mwezi ndipo iwekezwe kwa kawaida haifiki huko. Hatuchangii kiasi kilicho sawa, bali asilimia iliyo sawa ya kipato cha kila mmoja. Mume wangu alipokuwa masomoni na kipato chake kikashuka, mchango wake ulishuka pamoja nacho, na hakuna aliyehesabiwa deni.

Saa 1:00 asubuhi. Nyumba yenye watoto wawili wa shule haina nafasi ya mjadala wa uchumi saa hizi. Mume wangu ananiambia akiwa mlangoni, "Mke wangu, usisahau kikao cha leo usiku," nami namjibu kwamba daftari liko tayari.

Saa 4:00 asubuhi. Foleni ya wagonjwa imepungua kidogo. Mfanyakazi mwenzangu, kijana ambaye ameanza kununua hisa hivi karibuni, ananionyesha simu yake iliyojaa mistari myekundu. "Dada, soko linaanguka. Ninyi mnauza lini?" Namwambia kwamba fedha zetu ni za kutumia baada ya kustaafu, kwa hiyo swali la leo si letu. Anaona kama namkwepa, na pengine ana haki, kwa sababu jibu kamili ni refu kuliko muda tulionao.

Ningeweza kumweleza kwamba tarehe 19 Oktoba 1987 fahirisi ya Dow Jones, yaani kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa za Marekani, ilipoteza takriban asilimia 22.6 kwa siku moja; kwamba kati ya Oktoba 2007 na Machi 2009 fahirisi ya S&P 500, inayopima hisa za kampuni kubwa takriban 500 za Marekani, ilishuka kwa takriban asilimia 57 na haikurudi kilele chake cha awali hadi mwaka 2013; na kwamba mwaka 2020 ilianguka kwa theluthi moja katika muda wa wiki chache, kisha ikarejea ilipokuwa kabla mwaka haujaisha. Aliyeuza chini kabisa ndiye aliyeigeuza hasara ya kwenye karatasi kuwa hasara ya kweli. Hata hivyo sipendi hadithi hiyo isimuliwe nusu. Fahirisi ya Nikkei ya Japani ilifika kileleni mwishoni mwa 1989, na kilele hicho hakikupitwa hadi Februari 2024. Aliyeweka kila alichonacho katika soko la nchi moja, kwa bei ya juu, alihitaji zaidi ya miaka 30 ya subira, na si kila ndoa au kila uzee unaweza kusubiri hivyo. Ndiyo maana mifuko yetu inashika hisa za nchi nyingi, ina sehemu ya hati fungani (mikopo ambayo serikali au kampuni huilipa kwa riba), na tunanunua kidogo kidogo kila mwezi badala ya kuingia kwa mkupuo mmoja.

Saa 7:00 mchana. Ujumbe kutoka kwa mume wangu: "Umeona soko? Kwa nini tusiongeze sasa, wakati bei ziko chini?" Yeye hashawishiki kuuza, kishawishi chake ni kununua, jambo ambalo watu hulisifu kuwa ushujaa ingawa nalo ni kubahatisha. Namkumbusha kanuni yetu: hakuna ununuzi wala uuzaji nje ya mpango mpaka sote wawili tukubali, na hata tukikubali tunasubiri mwezi mmoja. Nina silaha nyingine ambayo huitumia kwa kiasi. Mwaka 2001 watafiti Brad Barber na Terrance Odean walichapisha uchunguzi wa akaunti za hisa za kaya zaidi ya 35,000 nchini Marekani, wakaonyesha kwamba wanaume walinunua na kuuza kwa asilimia 45 zaidi ya wanawake, na kwamba pilikapilika hizo zilipunguza faida yao zaidi. Ananijibu kwa alama ya kicheko, kisha anarudi darasani.

Saa 10:30 jioni. Kuchukua watoto, kazi za shule, kupika, kuosha vyombo. Haya ndiyo yanayokula siku yetu, na uwekezaji uliopangwa vizuri hauna budi kuyaachia nafasi.

Saa 3:00 usiku. Watoto wamelala, na kikao cha kila robo mwaka kinaanza. Mwaka huu zamu ya kutunza hesabu ni yangu, na mwakani itakuwa yake. Tunabadilishana kwa makusudi. Nimewahudumia wajane wengi dirishani pangu ambao, mbali na huzuni, walikuwa hawajui marehemu aliweka nini, wapi, wala kwa jina la nani. Wengi wao waliishi katika ndoa zenye upendo na uaminifu. Tatizo lilikuwa kwamba mmoja alijua yote na mwingine alimwamini. Kwa hiyo kikao huanza kwa asiye na zamu kufungua daftari na kueleza kila mfuko: una nini ndani, unatoza ada gani, umeandikishwa kwa jina la nani, na nani ametajwa kuwa mnufaika. Sheria za urithi hutofautiana kutoka nchi hadi nchi, hivyo suala la wanufaika tulilipeleka kwa wakili badala ya kukisia.

Mume wangu anafika kwenye ada, ananiuliza kwa nini tuliuacha ule mfuko wa zamani. Nampa kikokotoo akokotoe mwenyewe. Kila 100 iliyowekwa leo, ikikua kwa asilimia 6 kwa mwaka, baada ya miaka 30 inakuwa takriban 574. Ada ikila asilimia 1.5 kila mwaka na ukuaji ukabaki 4.5, inakuwa takriban 375. Msimamizi wa mfuko huchukua ada hiyo hata katika mwaka ambao sisi tumepata hasara. Mifuko inayofuata tu fahirisi ya soko, kama ule ambao John Bogle wa Vanguard, kampuni ya uwekezaji ya Marekani, aliuanzisha mwaka 1976 kwa ajili ya wawekezaji wa kawaida, huwa na ada ndogo kwa sababu hakuna anayelipwa kuchagua hisa.

Kisha tunaangalia mizani. Tulikubaliana hisa ziwe asilimia 70 na hati fungani 30. Kwa anguko hili hisa zimeshuka hadi 66, na mpango wetu unasema tusiguse kitu mpaka tofauti ifike pointi 5. Mume wangu anasikitika kidogo, kwa kuwa zingefika 65 angepata ruhusa halali ya kununua.

Penye ubishi wa kweli ni mkopo wa nyumba. Yeye anataka tuulipe haraka, akisema kwamba kila deni linalopungua ni faida ya uhakika inayolingana na riba yake, na soko halitoi uhakika wa aina hiyo. Mimi nasema fedha ikishaingia ukutani haitoki kirahisi, na kwamba yeye amenizidi miaka sita, na karibu kila nchi duniani wanawake huishi muda mrefu kuliko wanaume. Kwa hiyo uwekezaji huu hauna budi kupimwa kwa maisha ya atakayebaki, ambaye huenda nikawa mimi, peke yangu, kwa miaka mingi. Anakaa kimya, kisha anasema, "Basi hilo ndilo tulipigie hesabu, si riba peke yake."

Tumegawana kazi. Yeye ataiuliza benki kama kuna adhabu ya kulipa mapema, nami nitakokotoa gharama za mtu mmoja anayeishi hadi umri wa miaka 95 katika nyumba isiyo na deni, na katika nyumba yenye deni. Agizo la kudumu linabaki kama lilivyo mpaka kikao kijacho.